Chujio limeganda Barafu, sasa linapitisha maji haraka: limepona au limekufa?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi huongoza kikundi cha vijana tunaotembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, siku nne au tano, na maji tunachota njiani. Nina chujio dogo la mkononi, lile la kufunga kwenye mdomo wa chupa na kubana. Nililinunua kwa mgeni aliyekuwa anamaliza safari yake. Mwaka jana lilianza kuwa zito, lita moja ikawa inachukua robo saa. Desemba nikapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na usiku wa kambi ya Barafu nikalisahau kwenye mfuko wa nje wa begi. Cha ajabu, tangu nirudi linapitisha maji haraka kuliko hata siku nilipolinunua. Wenzangu wanasema baridi imelizibua. Sasa nataka nilipeleke kwa fundi wa matairi alipige upepo limalizike kuzibuka, kisha nilifungie mpira wa maji niwe nalitundika mtini, vijana wasichoke kubana. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Anza kwa kuacha kulitumia, tena leo hii. Kama kuna kijana aliyekunywa maji yake tangu Desemba akawa anaharisha au tumbo linamsokota, aende zahanati na aeleze kwamba alikunywa maji ya mtoni. Asijipe moyo kwamba safari imeshapita siku nyingi, maana giardia, kijidudu cha majini kinacholeta kuharisha, inaweza kukaa wiki moja hata tatu ndipo ijitokeze.

Sasa nikueleze kwa nini nakukatisha tamaa namna hii.

Ndani ya hilo chujio hamna sponji wala mkaa. Mna rundo la mirija myeupe, myembamba kama tambi, imekunjwa kama herufi U, na ncha zake zote zimeshikwa na gundi ngumu upande wa kutokea maji. Maji machafu huizunguka mirija kwa nje, yakabanwa hadi yapenye kuta zake, yakafika katikati yakiwa safi. Mashine za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo hutumia mirija ya aina hiyohiyo. Kwenye kuta hizo kuna vitundu ambavyo kampuni ya Sawyer huviandika kuwa vya maikroni 0.1, na wenzao LifeStraw na Platypus 0.2; maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria wa kipindupindu ana unene wa karibu nusu maikroni. Cryptosporidium, kijidudu kingine cha kuharisha, ana maikroni 4 hadi 6, na giardia 8 hadi 12. Wote hawa hukwama nje, ilimradi ukuta wa mrija uwe mzima.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Na chujio la aina hii likishalowa halikauki kwa kukung'utwa; hata ukilitikisa mpaka mkono uchoke, ndani ya mirija yamebaki maji. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, na wewe mwenyewe ulilala pale ukijua hilo jina halikutungwa kwa mzaha. Maji yakaganda ndani ya mirija, kuta zikapasuka, asubuhi barafu ikayeyuka. Kwa nje chujio halina hata mkwaruzo. Ila sasa maji hayapenyi tena kwenye vitundu, yanapita kwenye nyufa. Ndiyo maana yanakimbia.

Watu wengi husoma chujio kinyume. Likiwa zito wanaliogopa, likiwa jepesi wanalishukuru. Chujio zito limejaa uchafu uliokataliwa mlangoni, kwa hiyo bado linalinda. Mimi naliogopa lile lililokuwa zito likawa jepesi bila mtu kulifanyia kitu.

Usiniamini kwa maneno tu, lipime. Pitisha maji kwanza mpaka mirija yote ilowe. Kisha zamisha upande wa maji machafu ndani ya bakuli la maji, weka mdomo kwenye upande safi, upulize kwa nguvu za kawaida. Mirija mizima iliyolowa haipitishi pumzi ya mtu, kwa sababu maji hushika kwenye vile vitundu vidogo na mapafu yetu hayana nguvu ya kuyang'oa. Utahisi unapuliza ukuta. Mapovu yakichirizika kwenye bakuli, mirija imepasuka. Jihadhari na mambo mawili. Baadhi ya machujio yametengenezwa na mirija michache ya kutolea hewa, na hayo hayapimwi hivi, kwa hiyo soma karatasi yake. La pili, kipimo hiki kina haki ya kuhukumu kifo, lakini hakina haki ya kutoa cheti cha uzima. Lako likigoma kutoa mapovu hata moja, bado siwezi kukuruhusu uwanyweshe watoto wa watu maji yake, kwa sababu tunajua lililala wapi. Na kabla ya hapo lilikuwa la mgeni, nalo wakati ule lilikuwa linalala wapi? Kwenye kununua chujio lililotumika ndipo ulipokosea kwanza, dada, na nakuambia kwa upendo.

Kuhusu fundi wa matairi, hapa naungama. Chujio langu la kwanza nilipewa na mteja, na lilipoziba nikafanya unachotaka kufanya wewe. Sisi kila kilichoziba tunakipeleka kupigwa upepo: kabureta, jiko la mafuta, hata simu iliyoingia mchanga. Fundi akaweka bomba la kompresa upande wa kutokea, akabonyeza mara moja, ikasikika *tap*, sauti ndogo kama ya kuvunja kijiti cha kiberiti. Baada ya hapo hewa ikawa inapita bila kizuizi. Nilimlipa na kumshukuru. Safari iliyofuata wapagazi wawili na mimi mwenyewe tulishuka kutoka kambi ya Horombo, Kilimanjaro, tukikimbilia vichakani, na bado nilikuwa nalaumu mpishi. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa baa 2 na ushee (baa ni kipimo cha msukumo), wakati tangi la kompresa hukaa na baa 8 au zaidi. Mirija ya unene wa tambi haikuumbiwa nguvu hiyo. Mkono wako ndio kompresa yake.

Kwa hiyo nunua jipya, na yafuatayo ni ya hilo jipya.

Tuanze na udongo, maana huko kwenu ndio adui. Mvua ikinyesha Usambara mito hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ule udongo mwekundu ni laini kiasi kwamba hauzami upesi na haukamatwi na kitambaa kimoja. Ukiyapeleka maji hayo moja kwa moja kwenye chujio, lita tano tu zinatosha kulichosha. Yaache yatulie. Mkifika kambini jioni, chota ndoo, ifunike, na asubuhi teka ya juu taratibu bila kuitikisa. Ukiwa na haraka tumia shabu, ileile ya kinyozi, iliyosagwa: chini ya robo ya kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 20, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika kadhaa, halafu iache. Utaona udongo unashikana vipandevipande kama maziwa yaliyokatika na kuzama. Mbegu za mlonge zilizotwangwa zinafanya kazi hiyohiyo, ila maji yake yasilale, yatanuka.

Halafu yapitishe kwenye kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Nasisitiza kuukuu, kwa sababu nyuzi za kitambaa kilichofuliwa sana huvimba na kulegea, zikaziba nafasi. Huu si ushauri wa bibi tu. Bangladesh, kwenye vijiji 65, mtafiti Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa, na mwaka 2003 wakachapisha kwamba kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wale hujibandika kwenye vijidudu vikubwa zaidi vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Kwetu sisi kanga ina kazi nyepesi zaidi: ibebe majani, mchanga na funza wa mbu, chujio libaki na kazi yake.

Baada ya hapo ni kusukuma maji kinyume, kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Tumia bomba la sindano kubwa linalokuja na chujio, au chupa yenye kizibo cha kunyonyea ukiikandamiza kwenye tundu la kutokea. Maji yawe yaliyochujwa au kuchemshwa na kupoa, wala si ya mtoni, kwa sababu unayaingiza katikati ya mrija ambako hakuna kitu kingine cha kuyasafisha. Sukuma kwa mkupuo wenye nguvu, ukiligongagonga chujio kwenye kiganja (kiganja, si jiwe). Mara ya kwanza yatatoka mekundu, endelea mpaka yatoke meupe. Wengi hungoja mpaka liwe zito ndipo wasukume. Wakati huo udongo umeshakazwa ukutani kwa kubanwa siku tatu mfululizo. Kwenye maji ya Lushoto mimi husukuma kila jioni kabla ya kula, hata kama halijalalamika.

Ukisukuma na bado ni zito, jiulize limezibwa na nini. Kama mmekuwa mkichota maji ya maeneo ya mawe ya chokaa, kama kule Amboni, huenda ni chokaa, na dawa yake ni siki nyeupe: lilowe nusu saa hadi saa nzima, kisha sukuma kinyume kwa maji safi. Kama limekaa na unyevu kabatini likaanza kunuka uvundo, ni ute wa vijidudu, na dawa yake ni Jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji, liache nusu saa kisha suuza sana. Udongo haujali siki wala Jiki, usijisumbue. Na tafadhali, siki na Jiki visikutane kwenye chombo kimoja hata kwa bahati mbaya, vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Lililokaa miezi mingi likakauka kabisa hugoma kwa sababu nyingine: mirija mikavu haipokei maji. Liloweke nusu saa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, usivuke nyuzi 60, halafu sukuma. Mengi yaliyotupwa kama mabovu yalihitaji hicho tu.

Sasa mpira na mti. Hapo wazo lako ni zuri sana, na halihitaji fundi. Kubana ndiko kunakopasua mifuko ya maji kwenye mishono na kunakofanya mtoto akaze mkono kupita kiasi. Urefu wa mita moja ya maji hutoa karibu sehemu ya kumi ya baa, kwa hiyo ukitundika mfuko mita moja na nusu juu ya chujio, una msukumo mpole usiochoka. Chujio likae chini, mpira mrefu uwe upande wa maji machafu. Mpira ukijaa hewa maji yatakataa kushuka. Uinue na uuteremshe mpaka mapovu yote yapande. Kama hamna mfuko, chukua chupa ya soda ya lita mbili, kata kitako, toboa matundu mawili ukingoni upitishe kamba, igeuze kichwa chini. Funga kanga mdomoni mwa huo mkato mpya, funga chujio kwenye mdomo wa chupa, tundika. Yatatiririka kidogokidogo, nyie mkipika ugali.

Mdomo wa machujio mengi ya kubana, Sawyer ikiwemo, ni wa milimita 28 kama wa chupa za soda. BeFree ya Katadyn ni 42 na haitakubali. Chupa nyingi za maji ya kunywa zina shingo ya kipimo kingine, hushika mzunguko mmoja tu na kukudanganya kwamba zimekaza. Nenda dukani na chujio mkononi, jaza, geuza, angalia.

Angalia hasa kiungio, kwa sababu hapo ndipo watu wenye chujio zima kabisa wanapougulia. Ndani ya mdomo wa chujio kuna washa ya mpira, bapa. Mara nyingi hunasa kwenye shingo ya chupa unapofungua, ikadondokea majanini usiione. Bila hiyo, maji machafu yanatoka kwenye kiungio tone moja moja, yanateremka kwa nje ya mwili wa chujio, yanafika kwenye ncha ya kutokea, na kudondokea kwenye chupa safi pamoja na maji safi. Mtu anatazama mtiririko mzuri katikati, haoni tone linaloteleza pembeni. Washa ya mpira wa kumwagilia bustani mara nyingi huingia sawasawa. Nunua tatu duka la mabomba, ni bei ya pipi. Upande mchafu zungushia utepe mwekundu, na chupa ya kuchotea nayo iwe na utepe huohuo, mtoto hata akiwa na usingizi asikosee. Hayo ndiyo marekebisho ninayoyakubali. Kutoboa, kupasua ganda, kubandika kwa gundi, hapana.

Ukirudi Kilimanjaro, kuanzia kambi ya Shira chujio lilale nawe ndani ya slipingi, kwenye kikopo chenye mfuniko ili lisikulowanishe, na asubuhi litembee ndani ya koti. Maji ya mwisho kwenye njia ya Machame ni bonde la Karanga. Ya Barafu hubebwa na wapagazi kutoka huko. Kwa hiyo chuja na kusukuma kinyume Karanga, na usiku wa kwenda kileleni huna hata haja nalo. Chupa zenyewe zigeuze kichwa chini, barafu huanza juu na mdomo utabaki wazi. Chujio likiganda kwa bahati mbaya, liache, chemsha maji. Barafu maji huchemka kwenye nyuzi 84 hivi, na watu hudhani hayajaiva; vijidudu hufa hata hivyo. Yaache yatokote dakika tatu, basi.

Nimalizie na lisilofanywa na chujio lolote la mirija hii. Virusi vya homa ya ini A na rota ni vidogo kuliko maikroni 0.1, vinapita. Kwa hiyo chini ya vijiji, penye vyoo na mifugo, chuja kwanza kisha tia dawa ya klorini, WaterGuard au Aquatabs, kwa kipimo cha pakiti, ungoje nusu saa. Vinasaidiana, maana klorini inaua virusi lakini haimwezi cryptosporidium, ambaye chujio linamzuia. Dawa za mashambani nazo zinapita, na bustani za kabichi na nyanya za Lushoto hupigwa dawa mara kwa mara. Usichote chini ya bustani; panda juu yake, au ingieni na madumu yenu kwenye msitu wa Magamba mkachote huko. Floridi nayo inapita, ile inayopaka meno rangi ya kahawia kule Ngare Nanyuki chini ya Meru, na kuichemsha kunaizidisha ukali tu kwa sababu maji hupungua yenyewe ikabaki. Kupita siku mbili hakukudhuru, ila usimwambie mwenyeji wa kule kwamba chujio lako limeyasafisha maji yake.

Hilo la zamani usimpe mtu wala usiliuze. Safari ijayo kabla hamjaondoka, waite vijana, lifunge kwenye jiriwa, lipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu. Waache wavute mrija mmoja mmoja kwa vidole. Utaona upande wa nje bado una wekundu wa Lushoto uliogoma kutoka, na baadhi ya mirija, ukiinyoosha kwenye mwanga, ina ufa mdogo kama wa ganda la harage bichi.